Kinyonga hana sumu: anatisha juu anaogopa



Majuzi tulitoka posti ya asubui, tukakuta watoto wamezunguka muti wa maembe, kila mumoja na jiwe mu mukono. Ku tawi la chini: kinyonga. "Bapapa, musikaribie, ule anaua!" Sisi wenyewe tulikomea mu woga ule. Lakini tuliwaambia waweke mawe chini, watazame kwanza.

Huyu wa kwetu Katanga, wenye elimu wanamuita Chamaeleo dilepis. "Dilepis" ni kusema magamba mawili: nyuma ya kichwa ana vipande viwili vya ngozi, sawa masikio ya tembo. Anaweza kufika santimetre 35 pamoja na mukia. Vidole vyake vimeungana, viwili huku, vitatu kule, sawa koleo. Kila jicho linazunguka peke yake, na ulimi unapita mwili kwa urefu.

Adui akiwa mbali, anajificha nyuma ya tawi ao anatikisika polepole, sawa jani mu upepo. Ukikaribia, anageuza ubavu, anajaza hewa mpaka mwili unavimba. Masikio yanasimama. Rangi inakuwa nyeusi-nyeusi. Anafungua kinywa, ndani ni rangi ya machungwa, na anapuliza sawa nyoka. Ukimushika, atauma. Lakini hana sumu hata kidogo. Mbio hana. Kutisha njo silaha yake.

Na kile kinachomuokoa kwa ndege na nyoka, kwetu kinamuua: tukiona amevimba, tunasema ni mubaya, tunamupiga ao tunamuchoma moto.

Anayeumia zaidi ni jike. Anashuka mu muti, anachimba shimo, anataga mayai makumi, anafukia. Yanakaa mu udongo miezi mingi mbele ya kupasuka. Ukimuua njiani, umeua mayai yote, na panzi wanabaki bila muwindaji.

Ukimukuta mu barabara, weka kijiti mbele ya miguu yake. Atapanda mwenyewe, mupeleke mu muti. Kumuuzisha inje ya inchi bila ruhusa ni kosa: mapatano ya CITES yanamulinda tangu 1977.

Siku ile watoto walirudi nyuma hatua chache, wakangoja. Masikio yakalala, rangi ya majani ikarudi, akapanda juu polepole. Mawe yalibaki chini.