Ndoo Mbili za Maji na Jicho la Mwanafunzi

Mwalimu wa kemia wa shule moja ya kata wilayani Mkalama, mkoani Singida, anauliza: maabara imekamilika, meza zipo, kemikali zimefika, ila bomba halitoi maji. Akipata fedha kidogo za usalama, aanze kununua nini? Namjibu bila kusita: ndoo mbili za lita 20 zenye koki, zikae juu ya meza imara karibu na mlango. Miwani ya kinga ifuate. Glovu, makoti na mitungi ya kuzimia moto vina zamu yake, leo sivigusi.

Maabara za shule za kata zina historia na Singida yenyewe. Ni akiwa mkoani humo, Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Muda ukaja kusogezwa hadi Juni 2015, wananchi wakachanga, kuta zikasimama. Kupata maji ni kazi nyingine. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kuishia Aprili, ilhali mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba. Kwa hiyo majuma ambayo watoto wanafanya majaribio mfululizo ndiyo majuma ambayo tangi la maji ya mvua limekauka. Maziwa ya Singidani na Kindai yapo pale mjini, lakini ni ya chumvi.

Sasa tuingie jichoni. Waulize wanafunzi kipi kibaya zaidi kwa jicho, asidi au besi. Wengi watakuambia asidi, kwa kuwa ndiyo yenye jina la kutisha. Lakini asidi za kawaida za maabara zikigusa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huzigandisha protini za juu, na tabaka lililoganda huizuia asidi isizame upesi. Iliyo kali sana hupofusha vilevile. Besi haikutani na kizuizi hicho, kwa sababu besi hutengeneza sabuni.

Watazame kina mama wanaopika sabuni kwa mafuta ya alizeti, zao kubwa la Singida. Wanamimina mafuta, wanatia maji ya kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi ileile iliyo katika kabati la maabara, kisha wanakoroga. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye uji unaanza kuwa mzito, mpaka ukipitisha mwiko juu yake mstari unabaki. Ndani ya chombo kile kila chembe ya mafuta ina mikia mitatu mirefu iliyoshikwa na gliseroli, na haidroksaidi inaikata mmoja mmoja pale inapoungana. Mkia uliokatwa unashikana na sodiamu, nao sasa una upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Mafuta yaliyokuwa yakikataa maji sasa yanakubali kuchukuliwa nayo.

Utando wa kila seli ya jicho umejengwa kwa mafuta pia. Kostiki ikifika, utando unasabunika, seli inapasuka, na njia ya kwenda tabaka linalofuata inafunguka. Konea ina unene wa kama nusu milimita tu. Kostiki inaweza kuipenya ndani ya dakika chache. Pembezoni mwa konea zipo seli mama zinazoufanya uso wake kuwa mpya kila mara. Zikifa hizo, kioo hugeuka cheupe na mtoto haoni.

Tena kostiki haina rangi wala harufu. Ikikuangukia kidoleni unahisi utelezi, na utelezi ule ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni. Mwanafunzi haumii, anajifuta jasho usoni, na kidole kinapita jichoni.

Jaribio ninaloliogopa kuliko yote ni lile dogo la kutambua chumvi za amonia. Chumvi inatiwa katika testi tyubu, kostiki inaongezwa, moto unawashwa, na karatasi nyekundu ya litmasi inangojewa igeuke bluu. Moto ukikaa chini mahali pamoja, maji ya chini huchemka kabla ya yale ya juu, mvuke unajikusanya, na ghafla unaisukuma kostiki yote nje. Mwanafunzi wa ng'ambo ya meza ameinama kutazama litmasi. Kimiminika kisizidi robo ya tyubu, kipashwe ubavuni huku kikitikiswa, na mdomo wa tyubu uelekee ukutani. Bureti nayo ijazwe stendi ikiwa sakafuni, faneli ikae chini ya macho.

Viwango vya Marekani vya vituo vya kuoshea macho vinataka walau lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15. Hizo ni lita 22.5, ndoo moja na kidogo. Ndoo mbili zinakupa karibu dakika 27, na kwa kostiki muda huo unahitajika: uso wa jicho husafika upesi, lakini iliyokwisha kuzama hutoka polepole, na hutoka tu ikiwa maji ya nje yanaendelea kupita. Usitafute siki wala ndimu ya kuipoza, wala usingoje maji ya chupa. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo yanafaa.

Kichwa cha aliyeumia kiinamishwe upande, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasiingie la pili. Mwenzake amshike kope kwa vidole viwili, maji yatoke upande wa pua kwenda nje. Ikiwa ni chokaa, kope igeuzwe na chembe zitolewe.

Maji ya ndoo yabadilishwe kila Jumatatu, ya zamani yaoshee vyombo, na koki ijaribiwe. Anayempeleka mwanafunzi hospitalini abebe karatasi yenye jina la kemikali, ukali wake na saa ilipomwingia.