Kujenga anekse mu parsele ya wazazi: mambo ya kujua mbele ya kununua simenti



Kuko swali moja linarudia kila mara kati yetu, zaidi kwa wale wamemaliza masomo na wanafikiri kuoa ao kuolewa: nipange nyumba ya watu, ao nijenge vyumba viwili mu parsele ya baba? Wengi wanachagua parsele ya baba, na wako na sababu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi mitatu, lakini kila mutu anajua bayere mwenye kuomba sita ao zaidi. Franga ile ya garanti, ukiiweka mu matofali, unaona kitu kinasimama.

Lakini anekse inagusa mambo matatu kwa mara moja: ruhusa ya kujenga, ardhi, na urithi. Sisi tunawazaka tu bei ya mabati. Tuangalie yote matatu, na tuanze inje ya inchi, juu kuko fasi ambako sheria ya nyumba ndogo imelegezwa siku hizi, na kuko kitu cha kujifunza.

1. New Zealand na California wamelegeza nini?

New Zealand iko na shida ya nyumba: kununua ni bei, kupanga ni bei. Pale pia watu wanajenga nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, na mara mingi anakaa mo mama muzee ao mutoto aliyekuwa mukubwa. Tangu tarehe 15 Januari 2026, familia inaweza kujenga nyumba ya namna hiyo bila kuomba kibali cha kujenga, kama inafuata masharti haya:

- isipite metre kare 70;
- iwe ya peke yake, haishikamane na nyumba ingine, na isiwe na etaje;
- isipite metre 4 ya urefu kwenda juu, na mifupa yake iwe ya mbao ao ya chuma chepesi;
- ikae angalau metre 2 mbali na mupaka wa jirani na nyumba zingine;
- ijengwe na mafundi wenye kuandikwa na serikali;
- mbele ya kuanza, mwenyeji aombe ku ofisi ya muji karatasi inayoeleza hali ya ile ardhi: maji inapita wapi, kuko hatari gani;
- kisha kumaliza, apeleke michoro na hati za mafundi ku ofisi ile ile.

Zaidi ya ile, kanuni yao ya matumizi ya ardhi inaona nyumba ndogo kama mutoto wa nyumba kubwa: zote mbili zinabakia mu mikono ya mwenyeji mumoja.

California, kule Marekani, walipita njia ingine. Kibali kingaliko, lakini tangu 2020 ofisi ya muji iko na siku 60 tu za kujibu, na majirani hawaitwe mu kikao kusema kama wanapenda ao hawapendi. Muji hauwezi kutumia kanuni zake za ukubwa kwa kukataza nyumba ndogo ya karibu metre kare 74 yenye kuacha metre 1,2 ku mupaka wa kando na wa nyuma. Juu ya kuuza, kwa miaka mingi nyumba ndogo haikuweza kuuzwa mbali na ile kubwa, isipokuwa kwa kesi chache. Sheria ya 2023 iliachia kila muji uamue kama itawezekana.

Angalia vizuri kitu gani kimelegezwa. Ni kungojea, gharama ya dosie na maneno ya majirani. Umbali, maji, fundi na karatasi ku ofisi, vingali vinaombwa. New Zealand ilitosha kibali, lakini ikaongeza ulazima wa kuacha alama ya kila kitu kwa maandishi.

2. Na kwetu?

Kwetu, mu karatasi, mambo ni makali: amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013 inaomba permi ya kujenga mbele ya kuanza. Mu maisha ya kila siku, anekse mingi inasimama bila mutu kufika ku urbanisme. Pita Katuba ao Kenya kule Lubumbashi, pita Kadutu kule Bukavu, pita kartie za Goma: nyuma ya kila nyumba kuko ingine, na nyuma ya ile kuko ingine tena.

Kwa hiyo mutu anaweza kusema: sisi tulishalegeza zamani. Ni kweli, lakini kulegeza kwetu hakuna maandishi. Ajenti hakukatazi siku ya kwanza. Anakuya wakati ukuta umefika ku madirisha, wakati huwezi tena kurudi nyuma, na pale mazungumuzo inaanza. Mutu mwenye permi mu mukono iko na neno la kujibu. Kama unalipa kitu, lipa fasi unapewa karatasi ya serikali yenye namba na jina lako. Franga ya mukononi haina kumbukumbu, na ajenti wa mwaka ujao hatajua kama ulilipa.

Lakini permi siyo shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa iko kati yako na ndugu zako.

3. Ardhi ni ya nani, nyumba ni ya nani?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kile baba iko nacho ni konsesio, ni kusema haki ya kutumia, na inahakikishwa na sertifika ya anrejistrema. Wengi kati ya wazazi wetu hawana hata ile. Wako na fishi ya parsele ao karatasi ya kununua yenye sinyatire ya shefu wa avenyu. Kazi ya kwanza, mbele ya kuchora kitu, ni kuomba kwa heshima kuona karatasi na kusoma jina. Inatokeaka kwamba jina ni la babu aliyekufa zamani, ao la yule aliyeuzisha. Kama jina siyo la baba, unajenga juu ya parsele ambayo ndugu za baba, hata watoto wa babu wengine, wanaweza kuulizia kesho.

Tuseme jina ni la baba. Umejenga kwa franga yako. Nyumba ni ya nani? Kifungu 219 cha sheria ile kinajibu: mali ya nyumba iliyotengwa na ardhi yake inahakikishwa tu kama imeandikwa juu ya sertifika ya ile ardhi. Soma tena polepole. Risiti za simenti zinaonyesha kama ulitosha franga. Hazionyeshi kama nyumba ni yako. Fundi wako ni shahidi wa kazi, hawezi kuwa shahidi wa mali. Kama hakuna kitu kimeandikwa, mbele ya sheria ile anekse iko njiani kuhesabiwa pamoja na parsele ya baba.

4. Siku baba hayuko tena

Hakuna mutu anapenda kuongea habari hii, lakini ni hapa familia zinapasuka. Kode ya familia ya 1987, iliyobadilishwa 2016, inagawanya urithi hivi kama hakuna testama: watoto wa marehemu wanapata sehemu tatu ya ine, sawasawa, wanaume na wanawake, waliozaliwa mu ndoa na wale wa inje aliowatambua. Sehemu moja ya ine inayobakia inaenda kwa mujane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mujane pia iko na haki ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyoishi.

Tuhesabu kwa mufano. Tuseme parsele na nyumba kubwa ni dola 30 000, na anekse uliyojenga ni dola 10 000. Muko watoto sita. Kwa kurahisisha, tusiingize sehemu ya mama inayotoka mu mapatano ya ndoa.

Kama anekse haikuandikwa fasi yoyote, wanagawanya dola 40 000. Watoto wanapata 30 000, kila mumoja 5 000. Ulijenga kwa 10 000, unaondoka na 5 000.

Kama imeandikwa kuwa ni yako, inatoka mbele ya kugawanya. Zinabakia 30 000. Watoto wanapata 22 500, kila mumoja 3 750. Wewe unaondoka na 10 000 yako pamoja na 3 750, jumla 13 750. Tofauti ya karatasi moja ni dola 8 750.

Sasa geuka uketi fasi ya mudogo wako. Yeye anaona mukubwa alikaa miaka kumi bila kulipa nyumba, alikamata fasi ya kiwanja ambako mama alikuwa analima mboga, pengine alikuwa na lokatere na franga ya kila mwezi iliingia kwake peke yake. Na yeye iko na haki ya kuuliza. Karatasi haikulindi wewe tu; inalinda na yeye, juu inasema mbele ya wakati nani anapata nini na kwa muda gani.

5. Karatasi ya familia iandikwe namna gani?

Kuomba karatasi kwa muzazi ni kazi ngumu. Baba anaweza kusikia kama unangojea kifo chake. Kwa hiyo usiende peke yako na bulupeni mu mukono. Pitia kwa baba mukubwa, kwa shangazi, ao kwa mutu ambaye baba anamusikiliza. Na maneno iwe ya kweli: "Baba, parsele ni yako na itabakia yako. Naomba tu tuandike, ili mimi na wadogo zangu tusigombane kesho." Wazazi wengi wanakubali wakisikia ni juu ya amani ya watoto.

Karatasi yenyewe iseme mambo haya:

- parsele ni ya nani, namba yake, avenyu, kartie na komine;
- anekse itakaa upande gani, urefu na upana wake, pamoja na mochoro kidogo;
- nani analipa, na kama wengine wanasaidia, kila mumoja kiasi gani;
- baba anatoa ile fasi kama nini: zawadi, sehemu ya urithi iliyotolewa mbele, ao ruhusa ya kukaa kwa miaka fulani tu. Mambo haya matatu siyo kitu kimoja, na magomvi mingi inaanzia hapa;
- kama utaweka lokatere, franga inaenda kwa nani;
- kama parsele inauzwa, ao wewe unahama, unarudishiwa nini na kwa hesabu gani;
- nani analipa maji, umeme na kutosha choo.

Sinyatire: baba na mama wote wawili, watoto wote wenye umri, hata yule iko Kampala ao Ulaya, na mashahidi. Kisha mupeleke kwa notere. Kama baba iko na sertifika, mufike na ku konservatere wa hati za ardhi kwa kuuliza kuandikisha nyumba juu yake. Ni gharama, ndiyo. Iweke mu bajeti pamoja na mabati na milango.

Kwa madada zetu, neno moja. Familia zingine zingali zinasema mutoto mwanamuke ataenda kwa bwana, hana fasi mu parsele. Kode ya familia haisemi vile. Na kama ni mukwe ndiye anajenga kwa bazazi wa bibi yake, karatasi inakuwa ya lazima mara mbili, juu yeye siye muriti wa parsele ile.

6. Nyumba yenyewe

Ile metre 2 ya New Zealand siyo mapambo. Moto ukitoka mu nyumba moja ya mbao, umbali njo unaamua kama avenyu nzima itaungua. Ni vigumu kuipata kwetu, lakini acha angalau njia ya mutu kupita na ndoo mbili.

Maji ya mabati: ianguke kwako na ifike mu mufereji, isianguke ku ukuta wa jirani. Bukavu, ku milima, maji isiyoongozwa inakula udongo chini ya nyumba mpaka inashuka na watu ndani.

Choo: kanuni ya Sphere, inayofuatwa na mashirika ya musaada, inaomba metre 30 kati ya shimo la choo na kisima, na chini ya shimo iwe angalau metre 1,5 juu ya maji ya ardhi. Mu parsele ya metre 15 kwa 20, hesabu hii haiwezekani: kona kwa kona ni metre 25. Maana yake ni kwamba kama kuko kisima pale, maji yake isitumikishwe ya kunywa. Na Goma, ambako chini ni mawe ya volkano, shimo ni bei. Uliza fundi bei ya choo mbele ya bei ya chumba. Anekse inaongeza watu watatu ao wane ku choo kilichochimbwa kwa familia moja.

Ukubwa: usiangalie 70 ya wenzetu. Metre 4 kwa 7 inakupatia vyumba viwili na salo ndogo. Inatosha kwa kuanza.

Kwa ufupi, ndugu wasomi, mupango ni huu: karatasi ya parsele kwanza, kikao cha familia, maandishi na notere, urbanisme, kisha fundi. Wengi wanaanzia ku fundi, juu tofali linaonekana na karatasi haionekani. Mwenye kuko na wazazi wote wawili wangali hai, na parsele yenye jina lao, iko na bahati kubwa: watu wote wenye kupashwa kutia sinyatire wako nyumbani. Utumie wakati huu.