MASAFA NA MUDA WA SAFARI BAINA YA WETE NA MAKUNDUCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi hukadiria safari ya kutoka Wete, Pemba, hadi Makunduchi, Unguja, kwa kuangalia muda wa ndege peke yake. Makadirio hayo huwafanya watu wachelewe kazini, hospitali na hata mazikoni. Inafaa, kwa hivyo, hesabu yake ieleweke.

Kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, miji hiyo imeachana kwa takriban kilomita 150, sawa na maili 81 za baharini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Ndege ndogo iendayo maili 160 za baharini kwa saa ingeyamaliza masafa hayo kwa muda wa nusu saa.

Hata hivyo, Wete haina kiwanja cha ndege, wala Makunduchi. Msafiri hulazimika kwanza kwenda kwa gari hadi kiwanja cha Pemba kilichopo karibu na Chake Chake, mwendo wa karibu kilomita 30. Kutoka hapo ndege huruka takriban kilomita 125 hadi Unguja, na muda wake pamoja na kupaa na kutua ni kiasi cha nusu saa. Baadaye hubakia karibu kilomita 60 za barabara hadi Makunduchi. Jumla ni kilomita zipatazo 215.

Kuhusu muda, msafiri akadirie saa moja kutoka Wete hadi kiwanjani, saa moja ya kukaguliwa na kungojea, nusu saa ya ndege, nusu saa ya kupokea mizigo na kupata gari, na saa moja na nusu ya barabara. Jumla ni saa nne na nusu. Kwa maneno mengine, ndege huchukua sehemu moja tu kati ya tisa za safari nzima.

Upepo hauibadilishi sana hesabu hiyo. Kusi ikivuma kwa kasi ya maili 20 za baharini kwa saa, ndege itokayo Pemba huongeza dakika tatu au nne. Kaskazi ikivuma kwa kasi hiyo hiyo, hupunguza kiasi hicho. Mvua kubwa za masika ndizo zinazoweza kuahirisha safari.

Aidha, saa za tiketi huandikwa kwa hesabu ya kimataifa. Tiketi iliyoandikwa 11:30 maana yake ni saa 5:30 asubuhi, wala si saa 11:30 alfajiri au jioni.

Kwa mfano, mtumishi anayetakiwa kuhudhuria mkutano Makunduchi saa 8:00 mchana, akiwa na tiketi ya 11:30, hana budi kuondoka Wete saa 3:30 asubuhi. Akiondoka saa 4:30 atafika kiwanjani wakati ndege inaruka.

Vivyo hivyo, jamaa wa Makunduchi wanaomngojea ndugu yao kutoka Wete kabla ya kuzika, wahesabu saa nne na nusu tangu anapotoka nyumbani, na si nusu saa ya ndege. Hesabu hiyo ndiyo itakayowawezesha kuamua kama maziko yawe baada ya Adhuhuri au baada ya Alasiri.