Ushuru unalipwa, mtaro hauna mwenyewe

MASIKA yanapokaribia, mchuuzi wa nyanya jijini Dar es Salaam huangalia mambo mawili kila asubuhi: bei ya tenga na hali ya mawingu. Bei anaweza kupatana na dalali. Kuhusu mawingu hana la kufanya.

Nyanya zinazochumwa Ilula, mkoani Iringa, husafiri kwa Fuso zaidi ya kilometa 400 hadi jijini, karibu njia nzima ikiwa ya lami. Sehemu ngumu ya safari hiyo ni ile ya mwisho, kutoka barabara kuu kuingia sokoni, na kutoka sokoni kwenda kwenye magenge ya mitaani. Mvua ikinyesha, hapo ndipo kirikuu hukwama, guta husukumwa na watu watatu na matenga ya chini hupondeka.

Hasara hiyo ni rahisi kuihesabu. Mathalani, mchuuzi akinunua matenga 10 kwa Sh30,000 kila moja, ametoa Sh300,000. Akiuza yote kwa Sh36,000, anabaki na Sh60,000 kabla ya usafiri. Tenga moja likiharibika njiani, mauzo yake yanakuwa Sh324,000 na ziada inashuka hadi Sh24,000. Mwenye guta akiongeza Sh10,000 kwa sababu ya tope, kinachobaki ni Sh14,000, na hapo bado hajalipia nauli yake ya kawaida wala chakula cha watoto.

Ushuru wa soko, hata hivyo, haupungui kwa sababu mvua imenyesha. Ndiyo maana malalamiko yanayosikika zaidi masokoni si kwamba watu wanatozwa, bali ni kwamba hawaoni wanachotozwa kinakwenda wapi.

Malipo ni mengi

Mkulima hukutana na ushuru wa mazao kabla mzigo haujafika jijini. Mwaka 2017 Serikali iliupunguza kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Ulikuwa unafuu mkubwa kwa mkulima mdogo.

Mzigo ukifika sokoni, kuna ushuru wa soko, kodi ya kizimba, leseni na ada ya taka. Mwenye nyumba naye hulipa kodi ya jengo. Kwa miaka mingi kodi hiyo ilikusanywa na halmashauri zenyewe. Mwaka 2016 kazi hiyo ilianza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na kuanzia Agosti 2021 ikawa inakatwa kwenye luku. Utaratibu huo ulipoanza, nyumba ya kawaida ilikatwa Sh1,000 kwa mwezi na jengo la ghorofa Sh5,000 kwa kila sakafu. Kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, yeye ndiye hukatwa kwanza, kisha hubaki akidaiana na mwenye nyumba.

Hata dereva wa bodaboda anachangia barabara kila anapojaza mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya Sh100 kwa kila lita ili kuimarisha barabara za mijini na vijijini.

Kwa hiyo mkazi wa jiji hawezi kuambiwa kwamba hachangii. Swali lake ni jingine: mtaro ulioziba mbele ya genge lake ni wa nani?

Milango sita kwa mtaro mmoja

Swali hilo halina jibu jepesi. Barabara ikiwa kuu, mtaro wake uko chini ya TANROADS. Ikiwa ya mtaani, ni ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kuchukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Taka zilizouziba mtaro ni kazi ya halmashauri. Kinachotiririka kikiwa ni majitaka yaliyopasua bomba, muhusika ni DAWASA. Mto unaopokea maji hayo unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na uchafuzi wa mazingira unaihusu NEMC.

Katika mlolongo huo, kiongozi ambaye mwananchi anaweza kumpata jioni nyumbani kwake ni mwenyekiti wa mtaa. Huyo hana greda, hana fungu la kuzibulia mtaro, na mara nyingi anachoweza kufanya ni kuandika barua.

Mgawanyo huu una historia yake. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji baada ya huduma kuzorota. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa hizo ilivunjwa tena, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji.

Kila badiliko lilikuwa na sababu. TARURA, kwa mfano, ilianzishwa ili fedha za barabara zitumike kwa barabara na kazi isimamiwe na wahandisi. Tatizo ni kwamba ofisi zinapogawanywa, mwananchi haelezwi ipasavyo mpaka wa kila moja uko wapi. Anayekusanya ushuru sokoni si yule anayejenga barabara ya kuingilia sokoni. Analaumiwa wa kwanza, naye anajibu kwa haki kabisa kwamba barabara si yake.

Wakati huo huo jiji linakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wanahitaji nyanya, na wanazalisha taka.

Wananchi nao wana sehemu yao katika lawama. Wapo wanaosubiri mvua inyeshe ili wamwage taka mtaroni, na wapo waliojenga ukuta juu ya njia ya maji. Desemba 2011, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliokuwa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Pamoja na hayo, bonde la Msimbazi halikubaki tupu.

Fedha za kujenga na fedha za kuzibua

Miradi mikubwa haijakosekana. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 za Marekani kwa mradi wa kuboresha jiji, maarufu kwa jina la DMDP, uliojenga barabara za mitaa pamoja na mitaro na taa zake. Mwaka 2022 benki hiyo iliidhinisha dola milioni 200 nyingine kwa ajili ya bonde la Msimbazi, ambako eneo la Jangwani limekuwa likifungwa kwa maji mara kwa mara na kukatisha safari za mabasi yaendayo haraka.

Lakini mtaro wa mabilioni ukijaa mchanga na chupa za plastiki, unafanya kazi sawa na ule ambao haukujengwa. Kuuzibua hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji ofisi moja inayojua kwamba kazi hiyo ni yake, na fungu dogo linalotoka kila mwaka kabla ya masika, si baada yake.

Hapo ndipo wafanyabiashara wanaweza kusukuma. Viongozi wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024 na madiwani Oktoba 2025, hivyo bado wana muda wa kuulizwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwasilishwa bungeni kila Aprili na husomwa na yeyote anayetaka kujua halmashauri yake ilikusanya nini na ilitumia vipi.

Umoja wa wafanyabiashara wa soko ukipeleka kwenye mkutano wa mtaa orodha ya siku ambazo njia ilifungwa, picha na hasara iliyopatikana, ni vigumu kuupuuza kuliko mtu mmoja anayelalamika. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wanaweza kuchora mitaro na maeneo yanayofurika katika kata zao.

Halmashauri nazo zinaweza kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa: kibao kwenye kila mtaro unaopita sokoni, kikieleza ni wa ofisi gani, namba ya kupiga na tarehe uliposafishwa mara ya mwisho. Mchuuzi ambaye risiti yake ya ushuru ina tarehe ya leo anastahili kuona na tarehe ya mtaro.