Chanjo ya Homa ya Matumbo

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi. Huletwa na kijidudu kitokacho katika choo cha mgonjwa, kikaingia katika maji au chakula cha mwenye afya. Kinga yake ya asili ni maji safi na vyoo vizuri. Lakini kutandaza mabomba katika mji ni kazi ya miaka mingi, na watoto wanaugua leo.

Kuchanja si jambo jipya. Tokea mwaka 1896 daktari Mwingereza, Almroth Wright, alikuwa akiviua vijidudu hivyo kwa moto na kuwachoma watu sindano yake. Ilikinga, ila ilitia homa na maumivu. Baadaye wataalamu walitengeneza chanjo ya vazi la nje la kijidudu, lililo la namna ya sukari. Hiyo ilikuwa pole, walakini haikuwafaa watoto walio chini ya miaka 2, kwa maana miili yao haijaweza kuitambua sukari hiyo kuwa ni adui.

Basi wakaliunganisha vazi hilo na protini itokayo katika sumu ya pepopunda, iliyokwisha kuondolewa ukali. Protini hiyo mwili wa mtoto huitambua upesi, na sukari iliyoshikamana nayo hutambuliwa pamoja. Ni kama wezi wawili waliofungwa kamba moja: mbwa akimbwekea mmoja, wa pili hana pa kujificha.

Chanjo hiyo, iliyotengenezwa Hyderabad katika India, ilijaribiwa Blantyre, nchi ya Malawi, kuanzia mwaka 2018. Watoto 28,130, wa miezi 9 hadi miaka 12, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa chanjo hii. Nusu walipewa ya homa ya uti wa mgongo, ili nao wasirudi mikono mitupu. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo fungu gani, na twaona wastahili heshima kwa saburi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: katika fungu la kwanza waliougua taifodi walikuwa 12, katika la pili 62. Mwanafunzi na aifanye hesabu hiyo mwenyewe.

Haja ilikuwa kubwa, kwani dawa zilikuwa zikishindwa. Katika jimbo la Sindh, Pakistan, mwaka 2016 ilizuka taifodi isiyosikia dawa nyingi, hata mwaka 2019 nchi hiyo ikawa ya kwanza kuitia chanjo hii katika chanjo za kawaida za watoto. Malawi nayo iliianza mwaka 2023: sindano moja tu, mtoto atimizapo miezi 9.