Safari ya Kamera Odisha: Mahekalu, Magulio na Vijiji vya Milimani

Safari za vikundi vya wapiga picha nchini India mara nyingi huelekea Rajasthan na Varanasi, mahali palipopigwa picha kiasi kwamba mgeni hufika akiwa amekwisha kuziona zote. Jimbo la Odisha, kwenye pwani ya mashariki, halijafikia hapo. Ndani ya wiki mbili kikundi kinaweza kupita kwenye mahekalu ya mawe ya kati ya karne ya 7 na ya 13, magulio yanayofanyika mara moja kwa wiki, na vijiji vya Waadivasi, yaani jamii zilizoishi milimani kabla ya dola za mabondeni kuzifikia. Serikali inatambua makabila 62 ya aina hiyo katika jimbo hili, na katika sensa ya 2011 yalikuwa zaidi ya asilimia 22 ya wakazi wote.

Kikundi huwa na watu sita hadi kumi na wawili. Kuna mpiga picha mzoefu anayefundisha, madereva, na mwongozaji wa huko, ambaye ndiye mtu muhimu kuliko wote. Kiodia cha mjini hakimtoshi; wilayani Koraput anahitaji Kidesia, lahaja inayowaelewanisha watu wa makabila mbalimbali wanapokutana sokoni. Siku hupangwa kwa kufuata mwanga: watu hutoka alfajiri, hupumzika jua linapokuwa utosini, hutoka tena alasiri, na usiku hukaa pamoja kuzitazama na kuzikosoa picha za siku hiyo. Faida ya kikundi ni kugawana gharama na kufunzana. Hasara yake huonekana pale kamera kumi zinapomwelekea bibi mmoja anayeuza tangawizi. Kiongozi mwenye busara huwatawanya watu wake wawili wawili kabla hawajashuka garini.

Safari huanzia Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo. Hekalu dogo la Mukteswar, la karne ya 10, liko wazi kwa wote, na lango lake la upinde lenye nakshi ni somo zuri la kwanza. Lingaraj, hekalu kubwa la karne ya 11, halimruhusu asiye Mhindu kuingia. Mgeni hulitazama kutoka jukwaani nje ya ukuta. Nje kidogo ya mji, kijijini Hirapur, kuna hekalu la karne ya 9 la miungu wa kike 64 wanaoitwa Yogini. Ni duara la ukuta lisilo na paa, na sanamu zake za jiwe jeusi zimekaa kwenye vidaka upande wa ndani. Asubuhi jua huangaza vidaka vya magharibi, na alasiri huwa zamu ya vile vya mashariki, kwa hiyo anayetaka kuzipiga sanamu zote vizuri hana budi kwenda mara mbili. Vikundi vingi havina subira hiyo, na picha zao zinaonyesha.

Hekalu la Jua la Konark lilijengwa na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza takriban mwaka 1250 kwa umbo la gari la mungu Surya. Lina magurudumu 24 ya mawe, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu mita tatu, na farasi saba wanaolivuta kuelekea mashariki. Mnara wake mkuu ulianguka zamani. Ukumbi uliosalia ulijazwa mchanga na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ili usiporomoke, na tangu 1984 eneo lote limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nakshi zake huhitaji mwanga wa ubavuni. Saa sita mchana jua hupiga kutoka juu na sura zote hulala; saa moja asubuhi kila kidole na kila shanga ya mchezaji ngoma wa jiwe hutupa kivuli chake. Magurudumu yako ubavuni, kaskazini na kusini, hivyo jua la mapema huyapitia kwa mshazari. Miezi ya baridi, jua linapoelemea kusini, ubavu wa kusini ndio wenye faida zaidi. Kuna gurudumu moja ambalo kila mtalii hupiga picha mbele yake, ilhali yaliyoliwa na upepo wa chumvi, yasiyo na foleni, hueleza zaidi umri wa mahali hapo. Stendi ya miguu mitatu haitumiki katika majengo yanayosimamiwa na Idara ya Akiolojia ya India bila kibali cha mapema.

Mji wa Puri hufunga mlango kabisa. Hekalu la Jagannath, la karne ya 12, haliruhusu asiye Mhindu kuvuka lango lake, na hata Mhindu huacha simu na kamera nje. Mwaka 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe alikataliwa, kwa sababu mume wake alikuwa Mparsi, si Mhindu. Mpiga picha hubaki na barabara pana iliyo mbele ya hekalu: mahujaji, wajane, wauza maua, ng'ombe waliolala katikati ya msongamano. Mara moja kwa mwaka, mwezi Juni au Julai, mambo hugeuka. Miungu hutolewa nje na kuvutwa kwa kamba na umati kwenye magari matatu ya mbao yanayoundwa upya kila mwaka, na gari la Jagannath lina magurudumu 16. Siku hiyo yeyote anaweza kuwaona. Ni msimu wa mvua na umati hutisha, kwa hiyo vikundi vidogo huikwepa, japo ndiyo picha kubwa kuliko zote za Odisha.

Kutoka pwani barabara hupanda kusini-magharibi kwenye milima ya Ghats ya Mashariki, kupitia Rayagada hadi Koraput na Jeypore. Ratiba za kampuni mbalimbali hufanana hapa, na sababu ni kwamba siku za magulio ndizo zinazopanga safari. Chatikona huwa Jumatano, Onkadelli Alhamisi, Kunduli Ijumaa. Atakayechelewa siku moja atakuta uwanja mtupu na vibanda vya miti.

Chatikona ni gulio la Wadongria Kondh, wakulima wa milima ya Niyamgiri. Hushuka kwa miguu na mananasi, machungwa, manjano na tangawizi, kisha hurudi na chumvi, mafuta na samaki wakavu. Wanawake wao hujifunga shali nyeupe yenye tarizi nyekundu, njano na kijani, kazi ya mikono yao wenyewe. Watu hawa walijulikana duniani mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya India ilipoamua kwamba mikutano ya vijiji ndiyo ingetoa kauli kuhusu mgodi wa boksiti uliokusudiwa juu ya mlima wanaouabudu. Vijiji 12 viliulizwa. Vyote 12 vilikataa. Mgeni anayefika akidhani atakuta watu wasioujua ulimwengu hujidanganya.

Onkadelli huvuta kamera nyingi zaidi, kwa sababu ya Wabonda. Hawa walikuwa kama 12,000 katika sensa ya 2011, wanaishi milimani wilayani Malkangiri, na lugha yao, Remo, haina undugu na Kiodia. Wanawake hunyoa vichwa na kuvifunika kwa nyuzi za shanga, huvaa pete nzito za metali shingoni, na mavazi ya kifuani ni shanga nyingi zinazoshuka hadi kiunoni. Sokoni hukutana na Wagadaba na Wadidayi. Mahali pazuri pa kusimama ni kando ya njia wanayoshukia, kabla ya saa nne, mwanga ukiwa bado laini. Lenzi ndefu humnasa mtu kwa mbali bila yeye kujua, na picha zake huwa na dalili za wizi. Lenzi ya milimita 35 humlazimu mpiga picha asogee, asalimie, anunue kitu na aulize. Wapo watakaokataa kwa kuinua mkono, na jambo huishia hapo. Baada ya saa sita mchana pombe ya maua ya mahua na tembo la mitende huanza kufanya kazi yake, na waongozaji hupenda kuondoka kabla ya hapo.

Kupanda hadi vijijini mwao ni jambo lingine. Wabonda na Wadongria wamo katika makundi 13 ya Odisha ambayo serikali huyahesabu kuwa hatarini zaidi. Januari 2012 ilienea video ya wanawake wa Kijarawa, katika visiwa vya Andaman, wakiamriwa wacheze ngoma mbele ya watalii ili wapewe chakula. Mwaka huohuo Odisha ilitoa masharti: mgeni apate kibali cha wilaya, asilale kijijini, wala asipige humo picha za watu wa makundi hayo. Machi ya mwaka huo waasi wa Kimao waliwateka Waitalia wawili katika milima ya jimbo hilo, na masharti yakakazwa. Kampuni inayoahidi kulala katika kijiji cha Wabonda ni ya kuepukwa.

Hofu ya kamera ina historia ndefu zaidi. Kati ya 1868 na 1875 serikali ya kikoloni ilichapisha juzuu nane za picha, The People of India, zilizowapanga watu kwa kabila na tabaka kama vielelezo. Picha ya leo yenye maelezo "mwanamke wa kabila, Odisha" inaendeleza kazi ileile. Jina la mtu, kijiji chake na alichokuwa akiuza siku hiyo huibadilisha, na mwongozaji anaweza kuyauliza papo hapo.

Kwa sababu ya masharti hayo ya 2012, vijiji vinavyotembelewa kwa kawaida ni vya Wagadaba, Waparaja na Wadesia Kondh. Huko ngoma ya dhemsa, wanawake wakiwa wameshikana kiunoni kwa mstari mrefu, huchezwa kwa malipo yaliyopatanwa. Hakuna ubaya katika hilo, mradi maelezo ya picha yaseme kuwa ngoma ililipiwa. Pete za shingoni zimebaki kwa vikongwe. Wasichana wameziacha na huvaa sari. Kuwaomba wazivae kwa ajili ya picha ni kutunga uongo. Fedha za kumpa mtu mmoja mmoja huzaa ugomvi na watoto wanaofukuza magari, kwa hiyo ni afadhali zikabidhiwe kwa wazee wa kijiji. Baadhi ya viongozi hubeba kichapishi kidogo na kumkabidhi mtu picha yake palepale.

Msimu unaofaa ni Novemba hadi Februari. Milimani usiku huwa na baridi ya kuhitaji sweta. Juni hadi Septemba ni mvua, na pwani ina vimbunga. Fani kiliipiga Puri mwezi Mei 2019. Tangu 2022 India imepiga marufuku kuingiza droni kutoka nje. Watanzania na Wakenya huomba viza kwa mtandao. Wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo huhitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa.