Janga Limefika, Ufunguo Hauko

Mwendeshaji wa meinfremu (kompyuta kubwa) ya IBM akitaka kujua yuko kwenye mashine ipi, huandika amri fupi kwenye konsoli: D M=CPU. Mashine hujitaja. Prosesa hupangwa moja chini ya nyingine, na mbele ya kila moja hutokea namba yenye alama kumi. Nne za mwisho ni aina ya mashine: 3906 ni z14, 8561 ni z15, 3931 ni z16. Sita za mwanzo ni utambulisho, na humo tarakimu huchanganyika na herufi A hadi F. Mashine ikiwa imegawanywa sehemu, alama mbili za kwanza hutaja sehemu uliyopo, kwa hiyo chuma kilekile chaweza kujitaja kwa namba mbili tofauti.

Aliyeniandikia namba ya aina hiyo kwenye karatasi ni mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, mstaafu, aliyekuwa fundi wa mifumo katika kampuni ya bima huko Pennsylvania. Jina lake ameomba lisitajwe. Nilikwenda kumsalimia tu, nikamuuliza kazi yake ilikuwa nini hasa. Akanieleza kuhusu mazoezi ya janga: kila mwaka walibeba nakala za mfumo mzima hadi kituo cha kukodi katika mji mwingine, wakajaribu kuuamsha kwenye mashine ya watu, kana kwamba yao imeteketea. Biashara ya vituo hivyo ina mizizi Philadelphia, tangu miaka ya 1970.

“Watu hudhani shida ni data,” aliniambia. “Data inarudi, mwanangu. Shida ni programu za kukodi.”

Hadi 1969 programu zilikuja pamoja na mashine, kwa bei moja. Juni mwaka huo IBM ilitangaza kwamba itaanza kuziuza kando. Mwaka uliofuata ikazindua System/370, yenye amri inayoiwezesha programu kuiuliza mashine namba yake. Wauzaji wakawa wamepata pa kufungia mali yao: ufunguo unaokubali mashine yenye namba fulani tu.

Ufunguo wenyewe hauna fahari yoyote. Ni mstari mmoja ndani ya faili: herufi za kutambulisha bidhaa, tarehe ya mwisho, aina na namba ya mashine, kisha msururu wa herufi ambao muuzaji peke yake ndiye anayeweza kuutengeneza. Programu ikiamka husoma mstari, huiuliza mashine, hulinganisha. Zisipolingana, nyingine hulalamika kwenye konsoli na kukupa siku chache za huruma. Nyingine hugoma palepale.

Sasa fikiri mambo haya yanavyofungamana. Faili ya funguo imo ndani ya nakala zilezile. Ufunguo wa mashine ya dharura lazima uingizwe kabla nakala haijachukuliwa, yaani wakati mashine bado si yako na janga halijatokea. Na programu inayosimamia kanda za akiba, ambayo kazi za usiku huitegemea kupata kanda sahihi, nayo ni ya leseni. Mama alisema walijifunza kukiomba kituo orodha ya namba za mashine zote wanazoweza kupangiwa, wakaomba funguo za kila moja. Baadhi ya wauzaji walitoa bila neno. Baadhi walitaka malipo. Kuna aliyejibu kwamba atatoa janga likishatokea.

Zoezi moja lilimuuma. Mfumo uliamka Jumamosi alfajiri, data yote salama, lakini programu ya kupanga kazi za usiku ikaikataa namba. Akapiga simu ya dharura ya muuzaji. Mtu wa zamu, kwa upole kabisa, akataka kuzungumza na aliyesaini mkataba. Aliyesaini alikuwa ameshastaafu. Wakapanga kazi kwa mkono, zoezi likaandikwa kwamba limefaulu kwa sehemu. Namwamini anaposema kwamba hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Lakini lingekuwa janga la kweli, wateja wenye madai ya bima wangesubiri kwa sababu ya saini.

Sipingi muuzaji kulinda jasho lake. Kinachonisumbua ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba leo ni janga. IBM huuza uwezo wa akiba uitwao Capacity Backup, na masharti yake ya kawaida yanatenganisha mambo mawili: siku 10 kwa jaribio, siku 90 kwa janga la kweli. Hapo angalau kuna kipimo. Lakini jengo lisipokuwa tayari siku ya 91? Na muuzaji akinunuliwa na mwingine, kama Broadcom ilivyoinunua kampuni ya programu ya CA mwaka 2018, simu iliyoandikwa kwenye mkataba wa zamani inapokewa na nani? Nilimuuliza mama. Akatikisa kichwa.

Kwa hiyo wewe unayesaini mikataba ya programu kazini kwako, iwe ya meinfremu au ya seva moja ya chini ya meza, usisubiri moto. Kesho asubuhi muulize fundi wako ufunguo wa mashine ya dharura uko wapi, umeandikwa namba gani, na unaisha lini.